Mstari Uliopanda

Mama alipitia kazini kwetu bila taarifa, akataka kuiona ile setilaiti ndogo ninayoringia kila siku. Ilikuwa mezani ikijaribiwa kabla ya kurushwa angani, ikanase miale ya gama ya nyota zinazokufa. Alipoinama kuichungulia, mstari wa kipimo chake cha mionzi kwenye skrini uliruka juu.

Nikamjia juu fundi aliyekuwa akiijaribu. "Wewe! Umeacha tena kile kidonge cha majaribio nje? Kina mionzi, utatuua!"

Fundi akafungua kasha la madini ya risasi tunamokihifadhi. Kidonge kilikuwemo.

Mama akarudi nyuma kwa hofu, mstari ukashuka. Akasogea tena mezani kumtetea fundi, ukapanda tena.

"Mama," fundi akauliza taratibu, "umetoka hospitali?"

"Ndiyo, mwanangu. Wamenichoma sindano ya mionzi, nasubiri kupigwa picha ya mifupa. Wanaangalia kama saratani imeenea."

Saratani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia simu unisindikize, baba. Ukasema huna nafasi, unashughulika na nyota zinazokufa."