Mtoto Asiyetajwa

Fomu za viza hazina adabu. Hii ilimtaka Namelok, mjane wa kijiji cha Olbalbal, ataje watoto wake wote, walio hai na waliokufa. Alichokitaka yeye kilikuwa kidogo: kwenda Ulaya kukaa karibu na kitanda cha binti yake Resiato, aliyengoja kupasuliwa moyo mwezi wa tano.

"Una watoto wangapi, mama?" aliuliza Fabian, kijana wa steshenari pale Karatu anayewajazia watu fomu.

"Mmoja."

Hakusema uongo. Kwao Wamaasai aliyekufa hatajwi. Kumtaja ni kuyaita mauti yarudi bomani. Mwanawe wa kiume alifariki miaka sita iliyopita. Lakini Resiato, msomi wa watu, alimwandika kaka yake alipoomba viza ya masomo, kaka mwenyewe akiwa hai. Ubalozi ukalinganisha karatasi, ukajibu: mwombaji anaficha mtoto. Viza hakuna.

Namelok alirudi Karatu kwa hasira kujaza fomu nyingine.

"Safari hii lazima umtaje," Fabian alimwambia.

Aliinamisha kichwa. Aliye hai ndiye anayenihitaji, alijiambia. Akalitamka lile jina kwa kunong'ona.

"Sijasikia, mama. Mashine ya fotokopi inapiga kelele. Rudia kwa sauti."

Akarudia. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama. Jina lenyewe hata mimi ninayesimulia siliandiki hapa, maana mama wa watu alipolitamka ilibidi ashike meza.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, Fabian akamsomea: mara ya kwanza mwombaji alitoa taarifa za uongo, kwa hiyo haaminiki. Basi, kunyamaza kosa, kusema kosa. Resiato atapasuliwa bila mtu wake, na akizinduka atamkuta nesi wa zamu.

Namelok hakulia. Alisogeza kiti karibu na kompyuta.

"Mfute," alisema.

"Nimfute nani, mama?"

"Mwanangu. Kama siendi, wanirudishie jina lake."

Fabian alijikuna kichwa, akaona haya kumtazama usoni. "Fomu ikishatumwa haifutiki, mama. Watakaa nalo hukohuko."