Joho la Kijani na Viazi vya Karai

Mume wangu Shaame ana ugonjwa mmoja ambao madaktari wote wa Harrow, hapa London, hawauwezi: hafunui ukurasa bila kulamba kidole. Liwe gazeti, iwe bili ya gesi, kwanza ulimi, halafu karatasi. Nimesema mpaka nimechoka.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa na kitabu cha katuni ambacho hata kukipumulia hakufai. Mjomba wake alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja Mombasa, mgeni wa Kimarekani akakisahau chumbani, naye akamletea Shaame. Ni toleo la kwanza kabisa la shujaa mmoja mwenye joho la kijani, anayeruka juu ya majumba na kuwatandika wezi. Siku hizo Shaame alikuwa mtoto, hajui hata Kiingereza cha kuombea maji, kwa hiyo aliwasomea wenzake barazani kwa kutazama picha na kutunga maneno mwenyewe. Alikuja nacho Uingereza, kikalala kabatini chini ya leso zangu, mpaka binti yetu Swabra alipotuambia kwamba wakusanyaji wa vitu hivyo hutoa pesa za kutisha.

Hapo Shaame akapata wazo. Mjukuu wetu Natasha, mtoto wa Swabra, anakielewa Kiswahili chote, hata nikimsengenya mamake kwenye simu, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Jambo hili linamuuma Shaame kuliko magoti yake.

"Nitakufa mjukuu wangu hajanijibu kwa lugha yangu," aliniambia.

Basi kitabu kiuzwe, tumpeleke Natasha Mombasa likizo nzima, akacheze na wajukuu wa dadangu mpaka ulimi ulainike.

Mnunuzi, Mwingereza aitwaye Tony, alitazama picha kwenye simu, akaahidi bei ya kutosha tiketi zetu sote. Ila alituonya: thamani yake ni usafi wake. Kikipata doa, bei inaanguka. Kisiguswe mpaka aje mwenyewe Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni nikimkaangia mgeni viazi vya karai, vile vya kuchovya kwenye unga wa manjano. Natasha akamwomba babu yake akione kitabu kabla hakijaondoka.

"Baba Swabra, kiache kitabu cha watu!" nikapiga kelele kutoka jikoni.

"Namwonyesha jalada tu. Wewe tazama karai lako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jalada likazaa ukurasa, ukurasa ukazaa mwenzake. Kisha nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa vijana. Shujaa alikuwa amefika kwenye pango la wezi, na Shaame akagonga hewa kwa ngumi.

"Hodi wenyewe! Nimekuja na sitoki!"

"No, Babu, it doesn't say that!" Natasha, ambaye anajua kusoma, alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko.

"Wewe huyu umemjua leo. Mimi namjua tangu kabla mamako hajazaliwa. Huyu ni mtu wa Mombasa!"

Nilisimama mlangoni nikawatazama, na wallahi nilimpenda yule mzee upya. Sikuona hata alikuwa amechota viazi saa ngapi. Nilipozinduka, mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe: kiazi, ukwaju, ulimi, ukurasa.

Tony alikuja na glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Alikifungua kitabu taratibu kama anayefunua kitoto kichanga. Kila pembe ilikuwa na alama ya kidole, ya manjano, bado mbichi. Hakukasirika, na hilo lilituumiza zaidi. Alisema kwa upole kwamba bei yake sasa haifiki hata tiketi moja. Akala viazi vitatu kwa adabu, akaenda zake kupanda treni.

Shaame aliketi kwenye sofa, mikono magotini.

"Nimemnyima mtoto Mombasa," akasema. "Kwa kidole hiki hiki."

Maneno ya kumsuta nilikuwa nayo, tena ya moto. Nilipomwona uso, nikayameza yote, nikakaa karibu naye.

Natasha alimtazama babu yake. Kisha akakichukua kitabu mezani, akajipenyeza katikati yetu, akalamba kidole chake kidogo, akafunua ukurasa. Akalamba tena, akafunua tena, mpaka akalifikia lile pango la wezi. Akagonga hewa kwa ngumi.

"Hodi wenyewe!" akanguruma. "Nimekuja na sitoki!"

Shaame aligeuka, akamkodolea macho mjukuu wake. Nikamfinya mume wangu mkono.

"Mtu anabisha hodi, Baba Swabra. Mjibu."

"Karibu," akasema, machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. "Karibu ndani, mjukuu wangu."