Ugali wa Ushahidi

Leonida hakuhitaji mpelelezi, sahani ilimtosha. Kwao Mwandiga walimfunza hivi: mume anayebakiza chakula cha mkewe, amekula kwa mwingine. Sasa Feliksi wake, karani wa kukaa kitini kutwa nzima, siku moja akabakiza ugali, akasema daktari wa kliniki ya sukari amemwambia apunguze.

"Huyo daktari anavaa kanga?" Leonida akamuuliza.

Basi! Tangu hapo kila jioni akawa anamsongea ugali wa muhogo mlima mzima, samaki wa ziwani, migebuka, wanaogelea kwenye mawese, kisha anakaa mbele yake kumtazama mkono. Feliksi akisita tu, mama anawaka: "Umekula kwa nani?" Maskini ya Mungu, akawa anakula mpaka tonge la mwisho ili nyumba ipate kulala. Alfajiri anavaa raba, anatoka. Eti mazoezi! Mzee mzima, raba nyeupe, anampendezea nani? Wivu ukamzidi Leonida.

Asubuhi moja akajifunga kibwebwe, akamfuata mpaka ufukweni Bangwe. Akawaona. Feliksi na Catherine, yule mjane anayeuza dagaa Kibirizi, wanatembea bega kwa bega wakicheka. Wakicheka! Nyumbani Feliksi hakuwa amecheka tangu masika.

"Kumbe daktari mwenyewe ndiye huyu!" alifoka, hadi wavuvi waliokuwa wakianika nyavu wakageuka.

Catherine hakukimbia. Alichechemea hadi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akakaa, akavua kiatu cha kushoto. Vidole viwili havikuwepo.

"Tulikutana kliniki, Mama Diana," alisema. "Mimi sukari imeshanila. Mumeo anatembea, anameza dawa, lakini yake haishuki. Namuuliza, usiku unakula nini? Ananiambia akibakiza tonge moja, analala na kesi."

Leonida alitamani kumrukia. Hilo neno "ananiambia" ndilo lililomchoma. Lakini macho yalishateremka kwenye raba za mumewe.

"Vua," akamwamuru.

Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa usaha.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Hakitaki kupona."

"Na mimi mkeo hukuniambia!"

"Nilikuambia sukari," Feliksi akajibu. "Ukaniuliza habari za kanga."

Jioni ile Leonida alisonga ugali wa ukubwa wa ngumi, akaweka matembele tele na mgebuka wa kuchemsha. Wivu ulikuwa bado unamtafuna. Mwanamke mwingine ajue kidonda cha mume wake kabla yake! Alishajiapiza kwamba kesho atatembea katikati yao, Catherine apende asipende. Akatenga chakula, akammiminia Feliksi maji ya kunawa.

Feliksi akautazama ule ugali mdogo. Akamtazama mkewe. Kisha akaurudisha mkono nyuma, kama mtu aliyeona mtego.

"Leonida, haki ya Mungu," alisema kwa sauti ya chini, "leo sijala kwa mtu."