Kilo Mbili za Mwenyekiti

Asubuhi ile seva yetu ya Iringa ilionyesha kwamba ina nafasi tupu nyingi kuliko siku tuliyoinunua. Nilijua kuna kitu kimeharibika, maana jana yake ilikuwa imekaribia kujaa kabisa.

Seva ni kompyuta inayotunza mafaili yote ya ushirika wetu wa viazi, na ofisi ya Mbeya nayo huweka ya kwake humo kwa mtandao. Inakaa stoo, kati ya magunia na mizani, kwa sababu ndiko kwenye ubaridi. Mimi nakaa nayo. Watu hunisikitikia, lakini kimya cha stoo hakijawahi kunisumbua.

Nilipitia faili moja baada ya jingine hadi nikalikuta lenye kasoro. Ilikuwa video ya kwaya ya akina mama, iliyorekodiwa kwenye sikukuu ya wakulima, Nane Nane, kule Mbeya, na ukubwa wake ulikuwa chini ya sifuri. Kila mara mashine ilipojumlisha mafaili, hilo lilipunguza badala ya kuongeza. Nikajaribu kulifungua, likakataa.

Mzee Aroni, dereva wetu, alikuwa ameketi juu ya gunia, kofia mapajani. Jumamosi alikuwa aende kuweka msalaba kwenye kaburi la mkewe, Mama Lusia, huko Kilolo, na alitaka wamsikie akiimba. Mama Lusia ndiye aliyeongoza kwaya ile. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

"Limefika, mwanangu?"

"Limefika, baba. Ila limefika vibaya."

Nikampigia Ezekia wa Mbeya, aliyelituma.

"Programu iliniuliza nitengewe nafasi kiasi gani," alisema. "Nikajaza tisa, tisa, tisa, mpaka kisanduku kikaisha."

"Kaka Ezekia! Kwa nini?"

"Dada Anjela, nyie makao makuu nawajua. Tukiomba viti kumi mnaleta vinne. Nikaweka lumbesa kabisa, kama gunia lililojazwa kupita mdomo, ili mkipunguza, nibaki na cha kutosha."

"Basi tuma tena."

"Nitume nini? Nimeshalifuta huku. Umeona wapi gunia limepanda lori halafu likabaki stoo?"

Nilikuwa bado nimeshika simu Mwenyekiti Joachim alipoingia. Alitazama skrini, akapiga makofi.

"Nafasi yote hii! Imetoka wapi?"

Nikamwonyesha faili. Nilitaka kueleza zaidi, hakunisubiri.

"Basi linakili mara mia," alisema. "Kila nakala ituongezee nafasi. Tutawatunzia mafaili mpaka wachimba dhahabu wa Chunya. Na asilirekebishe mtu!"

"Mwenyekiti," Mzee Aroni alisema, "humo yumo mke wangu."

"Najua, ndugu yangu. Mama Lusia alitujengea kwaya, leo anatujengea nafasi. Kuna wanachama wazima kabisa hawachangii hivyo."

Mzee Aroni akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilishindwa kuendelea kuitazama ile kofia.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema, ingawa nilikwisha kumwamkia. "Naomba uning'inie kwenye mizani."

Ilikuwa mizani ya kutundikwa, yenye uso kama wa saa, inayoishia kilo mia. Kipini cha kuzuia mshale kilivunjika zamani, hivyo ukizidisha mzigo mshale huzunguka na kuanza upya. Tuliacha kuitumia kwa sababu hiyo. Mwenyekiti ni mtu mnene na mchangamfu, hakuuliza kwa nini. Alishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti. Boriti ikalia. Mshale ukazunguka duru nzima, ukapita sifuri, ukatulia.

"Kilo mbili," Mzee Aroni alisoma.

"Kilo mbili!" Mwenyekiti alipaza sauti, bado akining'inia. "Na daktari ananikataza nyama ya kitimoto!"

"Mshale umezunguka, Mwenyekiti. Seva nayo ina mwisho wake wa kuhesabu. Ezekia alijaza namba iliyozidi mwisho huo, ikazunguka, ikaangukia chini ya sifuri. Nafasi unayoiona haipo."

Akashuka polepole.

"Haipo kabisa?"

"Haipo. Tukiendelea kuweka vitu humo, vitapotea."

"Na kilo zangu?"

"Zipo zote."

Alikaa kwenye gunia, Mzee Aroni akampisha. "Basi rekebisha," alisema, kwa huzuni ya mtu aliyerudishiwa uzito wake.

Nilianza na kipini, ila cha seva. Niliiandikia seva kwamba ukubwa wowote unaozidi mwisho wa hesabu ukataliwe mlangoni, mwombaji aambiwe ni mkubwa mno, na faili libaki lilivyokuwa. Kisha nikahesabu vipande vya video vilivyofika kweli, nikaliandikia faili ukubwa huo. Ile nafasi tupu ikatoweka palepale. Mwenyekiti akageuza uso.

Nikabonyeza. Mama Lusia alikuwa amesimama mbele ya banda la viazi, kitenge cha ushirika kikipepea. Kabla ya kuimba alimkaripia anayerekodi: "Wewe Ezekia, rudi nyuma, unachukua pua tu!" Mzee Aroni akacheka kwa sauti, kisha akaacha kucheka, lakini hakutaka nizime.

"Lina ukubwa gani?" aliuliza wimbo ulipoisha.

Nikamwambia. Lilikuwa dogo, lilienea kwenye simu yake na nafasi ikabaki.

Alinitazama kana kwamba nimempunja.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ezekia, na namba yake ile, alikuwa amekaribia zaidi."