Marufuku ya Mitumba
Kibanda kilikuwa kimebaki mbavu tupu. Turubai limeshushwa, henga zimefungwa kwa kamba, na katikati mchumi wa wizara aliikuta meza ambayo mdogo wake aliitumia kuuzia mitumba tangu kabla hajaolewa.

Marufuku ya kuingiza nguo hizo nchini aliiandika yeye mwenyewe, kwa nia njema: viwanda vya nguo vifufuke, watu wapate ajira. Na vikafufuka kweli. Mume wa mdogo wake huyu, aliyeshinda nyumbani miaka nenda miaka rudi akihesabu boriti, sasa alikuwa fundi mitambo. Kila jioni alirudi na vumbi la pamba kichwani na uso uliokunjuka.

"Niambie ukweli," mchumi alisema. "Nimekuponza?"

Mdogo wake alitabasamu. "Dada, riziki umeiingiza kwetu kwa mlango, ukaitoa kwa dirisha. Nikushukuru au nikulaumu?"

"Shemeji anasemaje?"

"Anakuombea dua. Mimi naitikia amina, kisha nageukia ukutani."

Wizarani asingekosa la kusema; angesema mageuzi huuma kabla ya kuponya. Hapa alipangusa vumbi mezani kwa kiganja. Kesho waziri angetaka ushauri wake: marufuku iendelee au ilegezwe? Ikilegezwa, kiwanda kitayumba na shemeji atarudi kwenye boriti zake. Ikikazwa, vibanda vyote vya mtaa huu vitakuwa kama hiki. Asubuhi alikuwa na jibu. Sasa akili yake ilikuwa uzi uliochezewa na paka.

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningekuwa wewe nisingekuja kuhamisha meza nikiwa na viatu hivyo. Shika upande huo."

Wakaibeba, mchumi akienda kinyumenyume. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake aliinua uso.

"Mnahamia duka kubwa? Naona uchumi unakua."

"Unakua, mama," mdogo alijibu kwa adabu.

Mchumi alimtazama mdogo wake usoni, asitambue kama jibu lile ni kejeli au imani. Mguu wake ulipapasa ardhi.

"Nyuma yangu kuna nini?"

"Shimo. Pita kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

Mdogo alitazama mkono wake mmoja, kisha mwingine. Wakasimama hapo katikati ya njia, meza ikining'inia kati yao.