Saba Mara Nane ya Mwanahamisi

Sumaili alivuka mto kutoka Alunguli kwenda shuleni, roho mkononi. Siku hiyo mkaguzi wa masomo angekata shauri: binti yake Mwanahamisi abaki darasani, au arudishwe nyumbani kutwanga mihogo. Mtoto hakuwa mjinga. Hesabu tu ndizo zilimtoka kichwani kama maji kwenye kitunga. Wakubwa wa chama waliita hali hiyo uvivu. Wakubwa hao hao walisema mke wa Sumaili kafa kwa homa ndogo, na hospitali yao haikuwa na hata kidonge.

Mwalimu Onema alikuwa na njia yake. Wanafunzi wake wazito wa hesabu hawakushika jedwali ubaoni, lakini nyimbo za animasio, zile za kusifu chama kila asubuhi, walizishika zote. Basi akawafundisha kuongeza saba kwa kila mzunguko wa kiuno.

"Saba mara nane?" mkaguzi akauliza.

Mwanahamisi akatazama miguu yake.

"Simama, mama, sema na miguu," Onema akambembeleza binti.

Mtoto akazungusha kiuno, akapiga kofi. "Saba! Kumi na ine!"

"Hapa si uwanja wa ngoma!" mkaguzi akafoka.

Lakini Komisero wa chama, aliyekuwa akisinzia kwenye kiti cha wageni, alishtuliwa na makofi. Akadhani animasio imeanza. Akasimama, akapiga makofi, akakata kiuno. Komisero akisimama, nani atakaa? Mkaguzi naye akainuka, tumbo likamtangulia. Sumaili vilevile, meno ameyauma.

"Makumi tano na sita!" Mwanahamisi akamaliza.

Komisero hakumaliza. Na kuacha kabla yake, nani angethubutu?

"Endelea, mutoto, utatuua!" mkaguzi akanong'ona.

Jedwali la Onema liliishia sabini. Hapo Mwanahamisi akapunguza mwendo, akakunja vidole kimoja kimoja, kiuno hakikusimama. "Makumi saba... na saba!" Sumaili akapiga kofi kubwa zaidi. "Makumi munane na ine!" Alipofika mia moja na kumi na mbili ndipo Komisero akaanguka kitini, jasho chapachapa.

"Hii njo animasio yenyewe! Nani alisema hawa watoto wafukuzwe?"

"Hakuna muntu, Citoyen Komisero," mkaguzi akahema. "Mutoto anabaki."

Nje, Mwanahamisi akamcheka baba yake. "Na wewe ulikuwa unapigia chama makofi, Baba!"

"Mimi? Nilikuwa napigia saba."