Soma, Pitisha, Choma

Gazeti lenyewe liliitwa Jasho, na kama hujawahi kuliona usijilaumu, maana lilitengenezwa lisionekane. Lilianza mwaka wa themanini na nane mjini Machakos, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kanisa moja, ambako Kalunde alikuwa mpiga chapa. Kazi yake halali ilikuwa matangazo ya ndoa na ubatizo. Padri akitoka kwenda kutembelea vigango, Kalunde alifunga mlango, akatia stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, kwenye taipureta na kuchapa habari za vibarua, za bei ya pamba, za wanawake waliofungiwa kiwandani mpaka kazi iishe. Halafu ilikuwa lazima kuwe na nusu ukurasa wa kuwatukana mabepari, kwa sababu mume wake Nzomo hakuweza kumaliza toleo bila kuwatukana mabepari.

Nzomo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mjamaa wa kufa kupona. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri, yeye ndiye aliyeandika karibu kila kitu, na yeye ndiye aliyeweka sheria iliyochapwa chini ya kila ukurasa: Soma, pitisha, choma. Hakuna jina la mwandishi, hakuna kuweka nakala, na wa mwisho kusoma atie moto. Siku zile kukutwa na karatasi kama hiyo ilikuwa ni jela moja kwa moja, na Nzomo hakutaka mtu afungwe kwa ajili ya sentensi zake. Basi watu wakatii. Jamani, walitii mno.

Mwaka wa tisini na moja akakamatwa mwenyewe, nyumbani kwa mama yake kule Masinga, na nakala moja ikatolewa mahakamani kuwa ni yake. Kalunde alikuwa na mimba. Nzomo akafungwa, akaugua huko gerezani, akafa kabla ya kumshika mtoto. Na ukimuuliza Kalunde kilichomuuma zaidi, angekwambia bila haya kwamba alimkasirikia marehemu. Mtu aliyewafundisha wenzake wote kuchoma, yeye alikuwa anatembea na gazeti la nini? Hasira hiyo aliilea pamoja na mtoto.

Mtoto ni Mwelu, aliyepewa jina la nyanya yake mzaa baba, kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Sasa alikuwa kidato cha pili, serikali imeshabadilika, na mambo yaliyokuwa yakinong'onwa yalikuwa yanasimuliwa redioni mchana kweupe. Siku moja mtangazaji akalitaja Jasho kati ya magazeti yaliyopigania wanyonge. Mwelu akaacha kula.

"Mama, si hilo ndilo baba alikuwa anaandika?"

"Ndilo."

"Basi nipatie moja nisome. Mimi sijui hata vile baba alikuwa anaongea."

"Tulichoma."

"Nani alichoma?"

"Za hapa nyumbani, ni mimi."

Msichana akasukuma sahani kando. "Ulichoma kitu pekee angeniachia," akasema, akaenda kulala. Tangu siku hiyo akawa anamjibu mama yake kwa neno moja moja.

Utasema, si Kalunde ndiye aliyeyachapa hayo maneno, mbona asiyakumbuke? Waulize wapiga chapa. Kusahihisha stensili ni taabu tupu, kwa hivyo unaangalia herufi, huangalii maana. Kalunde alikumbuka harufu ya wino na jinsi vidole vilivyomuuma. Maneno ya mume wake yalikuwa yamepita mikononi mwake yote, na hakuna hata moja lililobaki. Alilia jikoni mpaka akachoka. Kisha akaamua kutafuta nakala, japo moja, maana aliona wazi kwamba anampoteza binti yake.

Alianza kwa Hirad, mfanyabiashara wa ng'ombe pale mjini, aliyekuwa akilisafirisha Jasho kwa lori lake chini ya nyasi za mifugo. Hirad hakuupenda ujamaa hata kidogo. Yeye na Nzomo walikuwa wakibishana juu ya Mungu mpaka chai inapoa. Lakini alimpenda Nzomo.

"Nilichoma, Mama Mwelu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu aliniambia nichome, na mimi nilimpa neno langu. Wallahi, ningejua, ningevunja amana mara hii moja tu."

Akaenda Athi River kwa Kimanzi, fundi wa kiwanda aliyekuwa akiwasomea wenzake gazeti wakati wa chakula. Kimanzi alisema anakumbuka makala moja nzima. Akasimama, akaanza kuitoa kwa sauti, halafu katikati akagundua ni hotuba ya mtu mwingine, akakaa chini kwa aibu.

Likizo ya Agosti mama na binti wakaenda Masinga kwa Susu, ndivyo Mwelu alivyomwita nyanya yake. Kalunde hakuwa na nia ya kumuuliza huyo mzee. Hajui kusoma, gazeti angelitaka la nini? Mwelu aliswaga mbuzi kwenda kuwanywesha bwawani, na wawili hao wakabaki uani wakipepeta ndengu. Kalunde akaeleza tu shida yake, jinsi mtoto alivyomgeuka, jinsi Nzomo alivyowasaliti kwa kutembea na karatasi ile. Susu akaweka uteo chini.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "Nzomo hakuwa anatembea nayo. Ilikuwa yangu."

Kalunde alidhani mzee amechanganyikiwa.

"Aliniletea yeye. Ilikuwa imeandikwa mambo ya shamba letu, lile liliingia kwa maji ya bwawa. Akanisomea kwa Kikamba. Ndani kulikuwa na jina la baba yake, Nzuki. Wewe unajua Nzuki alizikwa huko chini, na maji ikafunika kaburi. Nikamwambia anionyeshe mahali hilo jina liko. Akashika kidole yangu akaiweka hapo. Akaniambia, mwaitu, mama yangu, tukimaliza uchome. Nikasema sawa." Akaangalia kidole chake. "Sasa nitachoma aje jina ya mtu hana hata kaburi?"

Basi Susu akaitia kwenye mkebe wa kadi za ubatizo. Polisi walikuja asubuhi moja Nzomo akiwa amekuja kumlimia, wakapekua, wakaufungua ule mkebe. Wakauliza karatasi ni ya nani.

"Nilitaka kusema. Nzomo akanitangulia, akasema, ni yangu, mama hajui kusoma. Wakamchukua, na karatasi pia. Mimi nikabaki nimesimama hapo kwa mlango."

Kalunde alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Hasira aliyomwekea mume wake miaka yote hiyo ilimtoka. Akamwomba Nzomo radhi kimoyomoyo.

"Mwambie mtoto," Susu akasema. "Mimi siwezi. Lakini asikuchukie wewe na ni mimi."

Mbuzi wakasikika wakirudi. Mwelu aliwafungia, akanawa, akaja kuketi kwenye mkeka na kumwegemea Susu begani. Hapo Masinga msichana alikuwa anacheka. Kwa Susu alikuwa mtoto tena, na jina lao lilikuwa moja. Kalunde aliona kwamba akisema ukweli atarudishiwa binti yake jioni hiyo hiyo, na aliona pia atakayeachwa peke yake kwenye boma hili.

"Mama, umeuliza Susu kama baba aliacha kitu?"

"Nimeuliza."

"Na?"

Susu akafungua mdomo. Kalunde akamtangulia. "Alimwachia Susu gazeti moja. Nililichukua mimi, nikalichoma."

"Hata ya Susu?" Sauti ya Mwelu ilikuwa ya chini. "Si ungemwachia tu. Susu angeniwekea."

"Ndiyo," Kalunde akasema. "Angekuwekea."

Mzee akaanza kulia. Mwelu, akidhani analilia gazeti, akamkumbatia na kumfuta machozi kwa leso yake, amempa mama yake mgongo.